Mlezi na Msimamizi: Uhakiki wa Istilahi za Vijenzi Viandikishwavyo katika Seva

Hivi karibuni nilipewa nisome na kusahihisha tafsiri ya mafunzo yaliyokusudiwa vijana wanaojifunza kuendesha seva za programu za wavuti, yaani zile programu kubwa zibebazo ndani yake programu nyingine na kuzipokelea maombi ya watu wazifikiao kwa njia ya mtandao. Tafsiri yenyewe ni kazi ya mtu mwenye bidii, na sarufi yake haina ila. Lakini nilipofika sura ielezayo jinsi kijenzi kinavyoandikishwa katika seva ili kipate kusimamiwa, nilizisoma kurasa zake mara tatu nisielewe nani anayemwandika nani, wala aliyeandikwa anapata faida gani. Nikaiendea asili ya Kiingereza. Huko nikaona kwamba sehemu ya giza ni ya mfasiri, na sehemu nyingine ilikuwamo tangu hapo, kwa kuwa Kiingereza kinatumia neno moja kwa mambo mawili yasiyofanana, na mfasiri amelipokea neno hilo kama alivyolikuta. Jina lake sitalitaja, maana makosa ninayoyataka kuyaonyesha si yake peke yake.

Yafaa kwanza niieleze kazi yenyewe, ili asiyeijua asibaki mlangoni. Seva nitakayoitolea mifano ni Tomcat, iliyoanzia katika kampuni ya Sun Microsystems na kukabidhiwa Apache Software Foundation mwaka 1999. Imeandikwa kwa lugha ya Java. Ndani yake mna vijenzi vingi: kimoja hupokea maombi, kingine hutunza hesabu ya watumiaji walio ndani ya programu kwa wakati ule, kingine hugawa kazi kwa nyuzi zilizowekwa tayari kuzitenda. Mwendeshaji hutaka kujua hali ya kila kijenzi bila kuisimamisha seva, na pengine hutaka kubadili kiasi fulani kazi ikiwa inaendelea. Kwa haja hiyo Java ina utaratibu uitwao JMX, ambao umekuwa sehemu ya Java yenyewe tangu toleo la 5 la mwaka 2004. Katika kila Java iliyo kazini pana daftari moja kuu. Kijenzi huingizwa katika daftari hilo kwa jina, na tangu hapo mwenye ruhusa aweza kukiita kwa jina lile, kusoma sifa zake, kuzibadili zile zinazobadilika, na kukiamuru kitende yale kilichokubali kutenda. Kijenzi cha namna hiyo waliotunga utaratibu wamekiita MBean, na ile herufi ya kwanza imetokana na neno managed, ambalo ndilo shina la mjadala huu.

Nianze na lile dogo, lililonichekesha. Mfasiri ameviita vijenzi hivi maharagwe. Ni kweli kwamba Kiingereza kina neno moja, bean, kwa mbegu ya haragwe na kwa punje ya kahawa. Waliotoa lugha ya Java mwaka 1995 waliipa alama ya kikombe cha kahawa kifukacho mvuke, kisha wakauendeleza mzaha wao kwa kuviita vijenzi vyake kwa jina la punje za kahawa. Kiswahili hakikuyachanganya mambo haya kamwe. Haragwe ni la chunguni. Tunda la kahawa ni buni, na mti wake ni mbuni. Na mkulima wa Kilimanjaro au wa Bukoba akiambiwa kwamba seva imejaa maharagwe hatafikiri habari ya kahawa hata siku moja. Mfasiri amelishika neno, mzaha ukamponyoka.

Je, tuseme buni? Nilivutwa na fikira hiyo kwa muda, kwa kuwa neno hilo liko jirani na kitenzi kubuni, na mtunga programu hakika ni mbuni wa vitu. Lakini mbuni ni mti, na mbuni ni ndege, na mbuni ni mtu, na ingawa ngeli hututenganishia mibuni na wabuni, mwalimu atakayewaamuru wanafunzi wake wabuni buni mpya hana budi kungoja kicheko kiishe ndipo aendelee. Tena mzaha wa kahawa haubebi maana yoyote ya kazi. Neno kijenzi tunalo, linaeleweka, nalo linatosha.

Hata hivyo pana mahali ambapo mfasiri hana hiari, na hapa kosa lake si la kuchekesha tena. Katika namna ya kawaida ya utaratibu huu, kitu kinachoandikishwa lazima kiwe na kiolesura ambacho jina lake ni jina la aina ya kitu kile likifuatwa na herufi MBean. Aina ikiitwa Mizania, kiolesura kiitwe MizaniaMBean. Kinyume cha hivyo daftari hukikataa kitu kile kwa kuwa hakikutimiza masharti. Ni kiambishi tamati chenye nguvu ya sheria. Mfasiri wetu, kwa kutaka usawa, amekitafsiri hata ndani ya mfano wa programu, akaandika neno Haragwe mahali pa kiambishi kile. Kijana atakayeunakili mfano huu neno kwa neno ataambiwa na mashine kwamba kijenzi chake hakikubaliki, naye hatajua kwa nini, maana amekifuata kitabu. Katika maelezo mfasiri ni huru. Ndani ya mfano unaotakiwa kutembea, ni mgeni katika nyumba ya mwenyewe.

Sasa nije kwenye neno managed. Mfasiri amelifasiri kila mahali kwa kusimamiwa. Kwa vijenzi vya JMX nadhani hapana neno bora kuliko hilo. Kitu kile kimetengenezwa na mtunga programu kwa mkono wake mwenyewe. Kingeweza kuishi na kufanya kazi yake yote bila kuandikishwa popote. Kinapoandikishwa, hakipewi uhai wala umbo jipya: kinafunguliwa dirisha tu, ili mtu wa nje apate kukitazama na kukiamuru. Hiyo ndiyo kazi ya msimamizi katika lugha yetu. Msimamizi wa shamba hakuwazaa wafanyakazi, wala hawalishi. Huwajua kwa majina, huwauliza wamefika wapi, na huwaambia waongeze au wapunguze. Nimefikiri pia juu ya neno kukagua, lakini mkaguzi hutazama akaenda zake, na mwendeshaji wa Tomcat hafanyi hivyo tu. Kwa kupitia daftari lile aweza hata kuisimamisha programu moja na kuianzisha tena huku nyingine zikiendelea.

Lakini geuza kurasa chache tu za mafunzo hayo hayo, utakuta habari ya vijenzi vya namna nyingine kabisa, ambavyo Kiingereza kimeviita pia managed. Hivi vilipata jina hilo katika utaratibu wa kujengea kurasa uitwao JavaServer Faces, uliotoka mwaka 2004. Hapa mtunga programu hakiumbi kijenzi. Yeye hutangaza tu kwamba pana kijenzi cha aina fulani, chenye jina fulani, na kwamba maisha yake yatakuwa ya ombi moja, au ya muda wote mtumiaji mmoja awapo ndani, au ya programu nzima. Ukurasa ukikihitaji, mfumo wenyewe hukiumba, hukipa vitu kinavyovihitaji, hukitunza kwa muda ule uliotajwa, kisha hukitupa. Hapana mtu wa nje anayekiuliza habari zake. Mwendeshaji wa seva huenda asijue kabisa kwamba kijenzi hicho kipo.

Mtu afanyaye hayo katika lugha yetu si msimamizi. Ni mlezi. Mlezi humpokea mtoto tangu mwanzo, humpa chakula na nguo, huamua lini alale na lini aamke. Msimamizi hana haki hiyo wala hana mzigo huo. Kusema kwamba kijenzi cha namna ya pili kinasimamiwa ni kumpotosha mwanafunzi mahali pale pale ambapo angepaswa kujua mambo mawili: nani aliyekiumba kitu hiki, na nani atakayekiondoa. Akidhani vijenzi vyote viwili ni vya namna moja, ataumba kwa mkono wake kitu ambacho mfumo ulikuwa umekusudia kukiumba, kisha ashangae kwa nini hakikupewa vile kinavyovihitaji. Au atakiandikisha kitu katika daftari la JMX akae akitumaini kwamba seva itakiondoa kwa wakati wake. Makosa yote mawili nimeyaona katika kazi za wanafunzi, na la pili ndilo lenye hasara kubwa zaidi, nalo nitalirudia.

Najua jibu litakalotolewa: kwamba muktadha huonyesha maana, na kwamba Waingereza wenyewe wameishi na neno moja wala hawakufa. Kwa mtu aliyekwisha kuzijua taratibu zote mbili, muktadha hutosha. Ajifunzaye hana muktadha; ndicho alichokuja kukitafuta. Tena pana mahali ambapo muktadha wenyewe ni mmoja. Katika mfumo wa Spring, ambao hutumika sana juu ya Tomcat, vijenzi huumbwa na kutunzwa na mfumo, yaani ni vya malezi. Lakini mtunga programu akiweka juu ya kijenzi kimojawapo alama iitwayo ManagedResource, na akauwasha utaratibu wa kuvipeleka vijenzi nje, mfumo huo huo hukiandikisha katika daftari la JMX. Kwa hiyo kitu kimoja ni managed kwa maana ya kwanza, kisha kinafanywa managed kwa maana ya pili, na mwenye kufasiri kwa neno moja hulazimika kuandika kwamba kijenzi kinachosimamiwa kimefanywa kisimamiwe. Kwa maneno mawili jambo hili halina taabu yoyote: kijenzi kilelewacho na Spring huandikishwa kipate msimamizi.

Labda yafaa kutaja pia kwamba katika utaratibu wa kurasa niliousema, alama yenye jina ManagedBean ilianza kuachwa mwaka 2017, na ikaondolewa kabisa katika toleo la 4.0 la mwaka 2022. Sababu haikuwa ya lugha. Utaratibu mwingine wa malezi, uitwao CDI, ulikuwa umekwisha kuchukua kazi yake. Hata hivyo programu za zamani zingali zinatembea na jina lile limo ndani yake, na kijana atakayezirithi atahitaji kuelezwa.

Nibaki sasa na kuandikisha kwenyewe. Mfasiri ametumia kusajili. Sina ugomvi na neno hilo. Ni la heshima, limekaa katika sheria na katika ofisi zetu kwa muda mrefu. Malalamiko yangu ni mawili. La kwanza ni kwamba kila mahali ameandika kuwa kijenzi hujisajili. Kiingereza, kwa desturi yake ya kutumia nomino mahali pa kitenzi, kimeficha mtendaji, na mfasiri alipolazimishwa na Kiswahili amtaje, alimtaja asiye. Vijenzi vya Tomcat yenyewe ni kweli hujiandikisha: kila kimoja kinapoanzishwa hujiingiza katika daftari, na kinapokomeshwa hujifuta. Kijenzi cha mtunga programu hakina tabia hiyo. Lazima aandike mahali fulani amri ya kukiandikisha, na mahali pake panapofaa ni katika yale mafungu mawili ambayo seva huyaita wakati programu inapoanza na wakati inapokoma. Viambishi vya vitenzi vyetu vingemsaidia bila gharama: kuandikisha, kuandikishwa, kujiandikisha. Hivyo ni vitendo vitatu, na kila kimoja kina mwenyewe.

La pili ni habari ya mwisho. Kila kilichoandikishwa lazima siku moja kitolewe katika daftari, na tendo hilo mfasiri ameliita kuharibu. Ni kosa kubwa. Kukitoa kijenzi katika daftari hakukiharibu. Kitu chenyewe chaweza kuendelea na kazi yake, ila tu hakiitwi tena kwa jina. Katika shule zetu mtoto akihama jina lake hufutwa katika daftari la mahudhurio, wala hakuna amliliaye. Neno ni kufuta. Na hapa ndipo ninapopendelea kuandikisha kuliko kusajili, maana kilichoandikwa kina kinyume chake cha asili katika lugha, ambacho hata mtoto anakijua, na kilichosajiliwa hakina. Neno lisilo na kinyume humfanya mtu asahau kwamba tendo lina upande wa pili.

Kwa nini nashikilia jambo hili? Kwa sababu upande wa pili ukisahauliwa, madhara yake ni ya kweli. Daftari la JMX ni moja kwa programu zote zilizomo katika seva. Java hufagia kutoka katika kumbukumbu ya mashine kila kitu ambacho hakishikwi na kitu kingine. Lakini kilichomo daftarini kinashikwa na daftari. Programu moja ikiondolewa ili toleo jipya liwekwe, seva yenyewe isisimamishwe, na kijenzi chake kimoja kikabaki hakikufutwa, daftari hukishika kijenzi, kijenzi huishika aina yake, aina hukishika kile kipakizi kilichoileta katika kumbukumbu, na kipakizi huzishika aina zote za programu ile. Kwa jina moja lililosahauliwa programu nzima ya zamani hubaki katika kumbukumbu, haionekani wala haifanyi kazi. Kabla ya Java 8 kutoka mwaka 2014, sehemu ya kumbukumbu iliyotengewa aina hizo ilikuwa na kikomo kidogo, na seva ilianguka baada ya mabadiliko machache tu. Siku hizi sehemu hiyo hupanuka kwa kula kumbukumbu ya mashine, basi ugonjwa umepata nafasi ya kufichika, haukupona.

Katika ofisi moja nilionyeshwa ubao wa mwendeshaji ambao hesabu ya watumiaji waliomo katika programu haikubadilika tangu asubuhi hadi jioni. Wakubwa walikuwa wameisifu seva kwa utulivu wake. Usiku wa kuamkia siku ile toleo jipya lilikuwa limewekwa. Kijenzi cha zamani hakikufutwa; kipya kilipotaka kuandikishwa kwa jina lile lile, daftari lilikikataa, kama lifanyavyo sikuzote jina linapokuwa limekwisha kushikwa; na mtunga programu, aliyekwisha kuchoshwa na kukataliwa huko katika majaribio, alikuwa ameandika amri ya kulinyamazia kosa hilo. Kwa hiyo kijenzi kilichokuwa hai hakikuwa na jina, na chenye jina kilikuwa kimekwisha kazi. Walikuwa wakimsimamia marehemu. Nilimwuliza yule kijana kwa nini hakukifuta kijenzi cha kwanza. Akaniambia alikuwa akidhani kwamba kufuta ni kukiharibu, na kwamba seva ingekiharibu yenyewe.

Juu ya majina nina machache. Jina la kijenzi daftarini lina sehemu mbili: eneo, ambalo kwa vijenzi vya Tomcat ni Catalina, na baada ya nukta mbili, jozi za maneno zielezazo aina yake, mwenyeji wake, programu yake na mengineyo. Mfasiri amelifananisha na nasaba, Fulani bin Fulani bin Fulani. Mfano unapendeza, lakini si sahihi. Katika nasaba utaratibu wa majina ndio maana yenyewe. Ali bin Juma si Juma bin Ali, pengine ni baba yake. Katika jina la JMX zile jozi zaweza kubadilishana mahali na jina likabaki lile lile. Lafanana zaidi na maelezo ya cheti: kuzaliwa, mahali, kabila, kazi, yapange upendavyo, mtu ni mmoja. Jambo la kulitilia mkazo ni kwamba jina lisilotaja programu yake litagongana siku programu ile ile itakapowekwa mara mbili katika seva moja. Tomcat imejihadhari kwa kutaja mwenyeji na programu katika majina ya vijenzi vyake. Mtunga programu wetu na afuate.

Neno seva nimeliacha kama lilivyo. Wako wanaotaka kitumishi, na wengine mhudumu. Lakini neno limekwisha kuingia, watu wanalitumia sokoni na ofisini, na kulifukuza sasa ni kupoteza nguvu zinazohitajika kwingine.

Nimemrudishia mfasiri sura yake pamoja na masahihisho haya. Amekubali kufuta, amekubali kuandikisha, na maharagwe ameyatoa yote, hata katika ule mfano wa programu, ambao sasa unatembea; niliujaribu mwenyewe. Kulelewa amekukataa. Asema kijenzi kilelewacho chasikika kama yatima, na kwamba wahandisi watacheka. Nimemjibu kwamba walicheka pia waliposikia habari ya kahawa, na bado hajaniandikia.